Tulivyoitafuta Sauti ya Verediana

Wanangu mnaosomea ufundi wa sauti, mliniomba nije kuzungumza nanyi, lakini goti langu limezikataa ngazi za jengo lenu. Basi nimekaa kwangu Kimironko, nimefunga dirisha kwa sababu jirani anachomelea geti, nawaandikia. Msitegemee mpangilio mzuri. Miaka yote niliyokaa redioni nilikuwa nakata na kuunga maneno ya watu wengine. Ya kwangu mwenyewe yananitoka jinsi yanavyotaka.

Naitwa Dativa. Nilizaliwa na kusoma Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikuwa wakimbizi, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha huko. Tuliporudi Rwanda nikaajiriwa kwenye kituo kimoja cha redio hapa Kigali, kwa kuwa nilikuwa nimesomea ufundi wa redio, nikastaafia hapo hapo. Watu wa nje hudhani kazi ya fundi sauti ni kusogeza vitufe juu na chini. Waacheni wadhani hivyo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mtu aliyesema kitu anasikika akisema kitu kile kile, na kwamba ni yeye, si mwingine. Hilo la mwisho nililielewa vizuri baada ya kustaafu, na ndilo hasa ninalotaka kuwasimulia. Lakini kwanza niwaambie habari ya Consolata, maana bila yeye hamtanielewa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Bonaventure, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyekiita kila kifaa kwa jina lake la Kifaransa. Pasaka moja tulikwenda kurekodi kwaya kanisani Remera. Tuliweka maikrofoni mbili, moja kushoto na nyingine kulia, na mwimbaji kiongozi, huyo Consolata, akasimama katikati. Tukasikiliza kwa hedifoni: kwaya safi, Consolata safi, ingawa mimi nilimsikia kwa namna ya ajabu kidogo, kama vile yumo ndani ya kichwa changu. Tukairusha hewani.

Haikupita muda simu zikaanza kuita. "Consolata mmemfukuza?" mama mmoja aliniuliza. "Kwaya inajibu, lakini hakuna anayeiimbia."

Nikashusha hedifoni, nikawasha redio ndogo ya mlinzi getini. Kweli. Kwaya ilikuwepo, ngoma zilikuwepo, Consolata hakuwepo. Pale alipopaswa kuimba palikuwa na kitu kama upepo.

Bonaventure hakupiga kelele. Alizifungua nyaya za maikrofoni moja baada ya nyingine mpaka akaupata waya ambao fundi mmoja wa kituo alikuwa ameulehemu kinyume: wa juu chini, wa chini juu. Wimbi la kushoto lilipokuwa linapanda, la kulia lilikuwa linashuka. Kwenye hedifoni kila sikio lina upande wake, kwa hiyo hujui. Lakini redio nyingi za majumbani zina spika moja; zinajumlisha kushoto na kulia. Na Consolata, aliyekuwa katikati, nguvu zake zilikuwa sawa pande zote mbili, ila upande mmoja jumlisha, upande wa pili toa. Jibu lake mnalijua: sifuri.

"Angalia mishale ya vipimo," Bonaventure aliniambia. "Ilionyesha nini?"

"Ilionyesha sauti ipo, pande zote mbili."

"Voilà. Mshale unakuambia wimbi lina nguvu kiasi gani. Haukuambii kama linapanda au linashuka. Nguvu peke yake ni nusu ya habari, Dativa."

Alilipindua wimbi la upande mmoja wa kanda, Consolata akarudi, tukairusha tena jioni. Jumapili iliyofuata Consolata alinipa mkono mlangoni mwa kanisa bila kutabasamu. Tangu hapo sijawahi kurusha kitu bila kukisikiliza kwanza kwenye spika moja, tena mbaya. Na ninyi fanyeni hivyo. Spika nzuri zinawadanganya.

Sasa nije kwa Verediana.

Yeye mwenyewe sikumjua alipokuwa hai. Aliyenijia ni binti yake, Espérance, karani kwenye wizara moja kule Kacyiru. Alikuja siku ya kazi, bado amevaa beji shingoni, akakaa ukingoni mwa kiti changu kama mtu aliyekuja kuomba kitu kikubwa. Amenipa ruhusa nisimulie haya yote. Mzee wake naye tumeshamzika.

"Tante," alianza, maana hapa ndivyo tunavyoitwa mashangazi, "kanisani waliniambia wewe ulikuwa ya redio. Mimi sijui mambo ya mashine. Nataka sauti ya mama."

Nikamwambia anieleze taratibu.

Baba yake, mzee Gaspard, alikuwa dereva wa malori. Maisha yake yote aliyapitisha kwenye barabara ya Dar es Salaam, na mke wake Verediana alilea watoto hapa. Alipostaafu walikaa pamoja muda mfupi tu, kisha Verediana akaugua, akafa. Picha zake ziko tele. Sauti hakuna. Alikuwa hapendi kabisa mtu amwelekezee simu. Ujumbe mchache wa sauti aliowahi kuutuma ulikuwa kwenye simu ya Espérance, na simu hiyo ilikwapuliwa kituo cha basi. Sasa moyo wa mzee ulikuwa umechoka. Daktari alikuwa amemrudisha nyumbani na kuwaambia wampe anachotaka kula.

"Na unajua anataka nini?" Espérance alisema. "Aliniambia, 'Uso wa mama yako ninauona. Nikifunga macho anakuja. Lakini hasemi. Anafungua kinywa, hakuna kitu.' Tante, anasema anaogopa kufika huko na asimjue akimwita."

Nikamletea maji.

Kulikuwa na rekodi moja. Mwalimu mmoja wa lugha alikuwa amepita mitaa yetu akitafuta wazee wanaosema Kinyarwanda kizuri, apime jinsi sauti zao zinavyopanda na kushuka kwenye maneno. Verediana alikubali, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa akimwelekezea simu usoni. Maikrofoni tu mezani. Espérance alimtafuta mwalimu huyo mpaka akampata, yuko ng'ambo siku hizi. Akajibu kwa huzuni kwamba diski yenye rekodi ilikufa. Kilichobaki ni vipimo alivyokuwa amevitoa kwenye rekodi ile kwa ajili ya utafiti wake. Akavituma.

"Alisema sauti hakuna tena, kuna nguvu zake tu," Espérance alisema. "Maana yake ni nini?"

Nilielewa mara moja.

Nilimweleza hivi, nanyi sikilizeni, ingawa mnadhani mnajua. Sauti ya mtu ni mawimbi mengi yanayokwenda pamoja, mazito na membamba. Fikiria uwanja wenye bembea nyingi, kila moja ina mtoto, kila moja ina mwendo wake. Mwalimu yule, kila kitambo kidogo, aliandika kila bembea inarushwa kwa nguvu kiasi gani. Hakuandika ipo wapi wakati huo: mbele, nyuma, inapanda, inashuka. Kwa utafiti wake hakuhitaji kujua, na kutunza vyote viwili kunakula nafasi. Mkao wa wimbi aliutupa. Lakini ukitaka kuusikia uwanja tena kama ulivyokuwa, huwezi kuziachia bembea zote ziende ovyo. Mikao ndiyo inayofanya "pa" iwe "pa" na si mvumo.

"Kwa hiyo haiwezekani," Espérance alisema.

"Sijasema hivyo."

Uani kwangu anapanga binti mmoja, Ange, anayeandika programu za kompyuta kwa ajili ya ofisi. Ni mwepesi wa akili, hali chakula cha mchana, na huniita Tante kama wote. Jioni hiyo hiyo nilimwita. Aliufungua mzigo wa mwalimu kwenye kompyuta yake akauonyesha kama picha: muda unakwenda kulia, mawimbi membamba juu, mazito chini, na palipo na nguvu pana weusi. Tukaona mistari ikipanda na kushuka kama vilima. Ilikuwa sauti ya mwanamke, hilo lilionekana kwa macho. Espérance aliweka kidole juu ya kioo, akakipitisha taratibu kwenye vile vilima.

Mara ya kwanza Ange alizipa bembea zote mkao mmoja. Sauti iliyotoka ilikuwa ya nyuki ndani ya debe. Espérance aliziba masikio.

Mara ya pili akatumia njia ya siku hizi. Mnazijua programu zilizosikilizishwa sauti za maelfu ya watu mpaka zimejifunza binadamu anavyosikika. Unaipa nguvu, inakujazia mikao yenyewe. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Akabonyeza, na mwanamke akaongea sebuleni kwangu. Kinyarwanda safi, karibu sana, kana kwamba amekaa nasi kwenye kochi. Alikuwa anasoma sentensi alizopewa na mwalimu, moja baada ya nyingine.

"Mana yanjye, Mungu wangu," Espérance alisema, akaanza kulia. "Ni yeye. Ni mama."

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Kulikuwa na mahali fulani, katikati ya sentensi, ambapo mwanamke yule alitoa silabi isiyo ya neno lolote. Nikamwomba Ange anionyeshe mahali hapo kwenye picha. Picha ilikuwa na kitu kilichovunjikavunjika, kirefu, kinachotetemeka. Sauti tuliyoisikia pale ilikuwa imenyooka kama rula.

"Espérance," nilimwambia, "hii ni sauti ya kike inayolingana na vipimo. Mahali ambapo mashine haikuelewa, imeweka ilichozoea kusikia kwa watu wengine. Sina uhakika ni kiasi gani humu ndani ni mama yako."

"Tante, mimi ni mtoto wake. Nimemjua."

"Nakubali. Nakuomba tu tungoje kidogo."

"Baba iko anaenda," alisema. Hakusema kwa hasira. "Kungoja nini?"

Baba alikuwa wake, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani kila asubuhi. Jumamosi tukaenda wote watatu.

Nyumba yao haikuwa mbali na soko. Mzee Gaspard alikuwa kitandani karibu na dirisha, mtu mrefu aliyekonda, mikono mikubwa ya usukani juu ya blanketi. Alitusalimu kwa Kiswahili aliposikia mimi ni wa Karagwe. Alinitajia vituo vyote vya njiani kutoka mpakani Rusumo hadi Dar, kwa mpangilio, kama mtu anayenithibitishia kwamba kichwa chake ni kizima. Espérance akaweka spika ndogo juu ya mto, karibu na kichwa chake.

"Baba, tumekuletea mama. Sikiliza."

Akafunga macho. Mwanamke yule akaanza kuongea. Nilimtazama mzee usoni, Espérance alimtazama, Ange akaangalia sakafu. Sauti ikaenda mpaka mwisho.

Mzee akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokijua.

"Huyu mama anaongea muzuri," alisema. "Ni nani?"

Espérance akaizima spika. Mzee akaona uso wa binti yake, na hapo ndipo akaelewa alichopaswa kusema. Akaanza kutikisa kichwa. "Ni Verediana? Basi ni yeye. Ni yeye, binti yangu. Samahani. Ni mimi. Mimi ndiye nimesahau kabisa."

Nimesikia mambo mengi mazito nikiwa na hedifoni masikioni. Sijui kama nimewahi kusikia lililonichoma kama hilo. Tulikuwa tumekwenda kumrudishia mke wake, tukamfanya aamini kwamba hata sauti yake ikija mlangoni hataijua.

Tulirudi mpaka getini kwangu. Ange akasema, "Tante, kuna njia nyingine. Ya zamani. Haijui watu wanasikikaje. Inajua hesabu tu."

"Ile ya kukisia na kupima tena?"

"Yego, ndiyo hiyo. Itatoka mbaya, lakini haitaongeza mtu."

Tukaianza siku iliyofuata. Nawaeleza kwa sababu ni kazi nzuri na mnapaswa kuijua kwa mikono yenu. Mwalimu yule alipopima alikata sauti vipande vidogo vinavyopandana kama vigae vya paa. Pale vinapopandana, vipande viwili vinaeleza kitambo kile kile cha sauti, kwa hiyo mikao yao haiwezi kupingana. Hapo ndipo pa kuingilia. Unaanza kwa kukisia mikao yote ovyo, unatengeneza sauti. Ni kelele tupu. Sauti hiyo unaipima upya. Utapata nguvu zisizo sahihi, na mikao iliyosogea kidogo kuelekea kupatana. Zile nguvu unazitupa, unarudisha za mwalimu, kwa sababu hizo ndizo kweli pekee uliyo nayo. Mikao unaibakiza. Unatengeneza sauti tena, unapima tena. Kompyuta inazunguka hivyo bila kuchoka, na kelele inaanza kuwa na mifupa, kisha inaanza kuwa na nyama.

Kuna kitu kimoja ambacho njia hii haitakurudishia kamwe, nacho ni alama ya wimbi zima, kama ni jumlisha au toa. Ukilipindua wimbi lote juu chini, nguvu zinabaki vile vile. Jambo hilo lilimuudhi sana Ange. Alitaka kujua lipi ndilo lenyewe. Nikamsimulia habari ya Consolata. Ukiwa na rekodi moja, sikio halijali. Siku utakapoichanganya na nyingine ndipo utakapohitaji kujua. Akacheka, akaacha kuhangaika.

Sauti iliyotoka ilikuwa mbovu, sitawadanganya. Ilikuwa kama mtu anayeongea upande wa pili wa bomba la maji. Lakini nilipoisikia mara ya kwanza nilimwomba Ange airudie, kwa sababu yule mwanamke alikuwa na pumzi. Alikuwa anavuta hewa kabla ya kila sentensi, na herufi ya "s" ilikuwa inamtoka na filimbi ndogo, ya mtu aliyepungukiwa jino. Ile programu ya siku hizi ilikuwa imemwekea meno yote.

Na mahali pale palipovunjikavunjika, alikuwa anacheka.

Sentensi yenyewe ilikuwa "Nagiye gusura mabukwe", nilikwenda kumtembelea mama mkwe wangu. Msiojua Kinyarwanda niwaambie tu kwamba neno hilo la kutembelea ukilifupisha kidogo katikati linakuwa kujamba. Mwalimu alikuwa anapima tofauti hiyo hasa. Verediana alianza sentensi vizuri, akafika kwenye neno, akashikwa na kicheko, kicheko cha mwanamke mtu mzima anayejaribu kujizuia mbele ya mgeni na kushindwa.

Lakini kabla tu ya kicheko nilisikia kitu kingine. Mvumo wa chini, mfupi, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

"Unasikia?" nilimuuliza Ange.

"Nasikia. Inaweza kuwa kivuli." Na hakukosea. Mikao ikiwa haijapatana vizuri, sauti kubwa humwagika kidogo mbele na nyuma yake, na ukali wa kicheko ungeweza kabisa kumwaga kivuli kabla haujaanza. Ndiyo kasoro ya kawaida ya njia hii.

Nilitaka kuukata. Redioni ningeukata bila kufikiri. Ange ndiye aliyenishika mkono. "Tante, tuanze upya," alisema, "na makisio mengine. Kivuli kinatokana na makisio. Tukibadilisha makisio, kivuli kitabadilika. Kilichokuwepo chumbani hakitabadilika."

Wanangu, hilo likaririni. Tulianza upya mara nyingi, kila mara kwa mikao ya ovyo tofauti, kila mara kompyuta ikifuata njia yake. Vivuli vikawa vinahama: mara mwangwi hapa, mara mkwaruzo kule. Ule mvumo haukuhama. Ulikuja kila mara, mahali pale pale, na kuishia pale pale kicheko kinapoanza. Kisha Ange akaikuza ile picha ya nguvu, chini kabisa ambapo hatukuwa tumetazama, na ikaonekana mistari myembamba, hafifu, ya wimbi zito kuliko la Verediana. Mwanaume. Maneno yake hatukuweza kuyakamata. Alikuwa mbali mno na maikrofoni.

Nilimpigia Espérance nikamwambia ilivyo, pamoja na ubovu wake wote. "Sitaki umuumize tena," alisema.

"Mimi pia sitaki. Njoo usikie wewe kwanza."

Akaja kutoka kazini. Nilimwekea hedifoni. Alisikiliza sentensi za mwanzo akiwa ameshika vidole vyake, uso hauonyeshi lolote. Kilipofika kicheko alijishika mdomo, akajikunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Alipoinuka aliniuliza swali moja tu, kama tunaweza kwenda sasa hivi.

Tulimkuta mzee amepungua zaidi. Hakutaja vituo vya njiani. Espérance alimwinua na mito, akampa maji, akaweka spika mahali pale pale. Safari hii hakumwambia ni nani. Alisema tu, "Baba, kuna kitu cha kusikiliza. Ni kibovu kidogo."

Sauti ya ndani ya bomba ikaanza. Mzee alikuwa akitazama dari. Sentensi ya kwanza ikapita. Ya pili. Katika ya tatu nikaona vidole vyake vimekunja blanketi. Ikaja ile ya mama mkwe, ukaja mvumo, kikaja kicheko, na mzee Gaspard akainua mkono wake mkubwa juu kama anayesimamisha gari.

"Rudisha."

Ange akarudisha. Akasikiliza tena, midomo yake ikitembea.

"Rudisha tena."

Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni na kuingia masikioni, lakini uso ulikuwa unatabasamu, na alikuwa anatoa sauti fulani kifuani ambayo mwanzoni nilidhani ni pumzi inamkwama. Alikuwa anacheka naye.

Espérance akapiga magoti kando ya kitanda. "Umemjua?"

"Jino," mzee alisema. "Nilimwambia tuende kwa daktari wa meno, akakataa." Akapumzika kidogo. "Ni Verediana. Huyu ndiye."

Ange alingoja mpaka mzee akapumua sawasawa, kisha akauliza alichotaka kuuliza tangu tuingie. "Mzee, kabla hajacheka kuna mtu anaongea nyuma. Mwanaume. Tumeshindwa kumjua. Ni yule mwalimu?"

"Hapana," mzee alisema. "Ni mimi."

Espérance akamgeukia. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilimsindikiza. Aliogopa kwenda peke yake. Mwalimu alinipa kiti nyuma, karibu na mlango, akaniambia ninyamaze." Alivuta hewa. "Yeye akafika kwenye hilo neno, mimi nikamwambia polepole, 'Kosea uone. Mama anakusikia huko aliko.' Mama yangu huyo, mkwe wake. Alikuwa mkali, huyo mama." Akafunga macho. "Mwalimu alikasirika. Verediana alicheka mpaka nyumbani."

Nje kwenye barabara pikipiki zilipita kuelekea sokoni. Ange alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa sweta, na nadhani alitaka kumpa mzee kitu kizuri zaidi, maana alisogea karibu na kitanda akasema kwa upole, "Mzee, sasa tukijua ni wapi, naweza kuuondoa ule mnong'ono. Abaki mama peke yake, asikike vizuri zaidi."

Mzee Gaspard alifungua macho akamtazama.

"Oya, hapana," alisema. "Mimi nilikuwa barabarani miaka yote. Hapo nilikuwa nimekaa naye. Niache hapo."

Espérance akanyoosha mkono, akabonyeza tena.